Shimo Lililokatazwa Kufa

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri la kujivunia, lakini siku hizi kulitaja mahali pasipo na bendera ni kosa, na hapa nilipo sina bendera. Tuiite nchi yetu, yatosha. Anayeishi humo ataitambua. Asiyeishi humo amshukuru Mungu wake, avute kigoda, asikilize.

Mimi ni Mfaume Likwata, Mshereheshaji wa Serikali, Wilaya ya Mchirizi. Wenye wivu huniita mpiga domo. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwakumbusha watu kufurahi. Nimesherehesha uzinduzi wa daraja lisilo na mto, na mwaka uliofuata nikasherehesha uzinduzi wa mto. Itifaki sijawahi kuikosea hata siku moja. Nasema haya mapema ili nikifika kwenye habari za Shimo la Ushindi usije ukadhani nina kinyongo na mtu. Serikali yangu naipenda, nayo hunipenda ikipata nafasi.

*

Gesi ilipogunduliwa chini ya kitongoji cha Chiumo, bei yake huko duniani ilikuwa juu, na kwa kuwa ilikuwa juu kila kitu kilifanywa mbiombio. Mikoko ilifyekwa ili mitambo ipite. Kaa na kamba waliokuwa wakiishi humo hawakuwa na mjumbe kwenye kikao, kwa hiyo hoja ilipita bila kupingwa. Afisa Mazingira aliomba apewe muda kidogo apime maji na udongo. Waziri wa Neema za Chini ya Ardhi, Mheshimiwa Dakta Sanjala, akamwuliza mbele ya watu wote, "Kijana, wewe unataka kupima au unataka maendeleo?" Kijana akasema anataka maendeleo. Alikuwa na watoto.

Iliyokuja kuchoronga ni kampuni ya ng'ambo yenye jina refu ambalo hakuna aliyeweza kulimaliza bila kumeza mate, tukaiita Kampuni. Ikachoronga mashimo mengi, kila moja likapewa jina la kishujaa. La Chiumo likaitwa Shimo la Ushindi. Lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwa mama lishe mmoja mjane, Somoe Machemba, aliyeishi na binti yake mdogo, Mwajabu. Wapo waliosema Somoe alikosea kujenga karibu na shimo. Jamani! Somoe alizaliwa pale. Shimo ndilo lililomfuata.

Wala hakununa. Aliwapikia wachorongaji wali na mchuzi wa nazi, wakamsifu, akajenga nyumba ya tofali na paa la bati. Mwajabu alikuwa akizunguka na kofia ngumu ya njano iliyomfunika mpaka puani, akitoa amri kwa mbuzi. Siku zile hata mimi nilikuwa nacheka kwa moyo mweupe.

*

Halafu asubuhi moja Rais akatangaza redioni kwamba bei imeanguka.

Sisi wa Mchirizi tulishangaa. Kitu kikianguka si kinaokotwa? Lakini wataalamu wakasema hii ilianguka mbali sana, ng'ambo, ambako viwanda vimefungwa na watu wenye fedha wameingiwa na hofu, na wao wakipiga chafya, sisi tunalazwa. Kampuni ikaondoka kama mpangaji aliyesikia mwenye nyumba yuko njiani. Ilipokuja ilitumia misimu miwili kushusha vyombo. Kuondoka hata chai haikupoa. Ikaacha bwawa la tope la kuchorongea, jeusi, linang'aa mafuta. Ikaacha bomba limechomoza ardhini, na koki iliyofungwa kwa mkono na mtu mwenye haraka.

Sheria ya nchi yetu kuhusu mashimo ni nzuri sana, naomba wageni waizingatie. Inasema shimo likifa, mwenye shimo atalizika kwa saruji kutoka chini mpaka juu, ili lisije likadhuru walio hai. Kampuni, kwa ukarimu, ikaipa Serikali mashimo yote kama zawadi ya kwaheri. Mimi ndiye niliyesherehesha hafla ya kupokea. Tulipiga vigelegele, na ilipofika jioni mtu mmoja wa Hazina akauliza saruji ya kuzikia mashimo yote hayo itatoka wapi, maana Hazina yenyewe ilikuwa ikitegemea gesi.

Hapo ndipo utakapoona kwa nini Mheshimiwa Sanjala ni waziri na mimi na wewe si mawaziri. Alisimama Bungeni, akavuta suti, akasema:

"Mheshimiwa Spika, wapo wanaoeneza uvumi kwamba mashimo yetu yamekufa. Nataka kulihakikishia Bunge lako tukufu kwamba hakuna shimo lililokufa katika nchi hii. Mashimo yamepumzika. Yamechoka kwa kulitumikia taifa. Bei ikiamka, nayo yataamka. Na nani kati yetu, Mheshimiwa Spika, huzika mtu aliyelala?"

Wabunge wakagonga meza. Saruji ikabaki madukani, na nchi ikaendelea kubana matumizi. Idara ya Mazingira iliunganishwa na Idara ya Mapambo ya Sherehe, kwa sababu zote mbili zinahusika na maua. Yule Afisa Mazingira akapewa lori la maua ya plastiki. Vyombo vyake vya kupimia hewa viliuzwa, aliyevinunua anafugia kuku ndani ya maboksi yake.

*

Chiumo sasa. Kwanza maji ya kisima yalianza kutoa mapovu. Watu wakasema labda ni baraka, soda ya bure. Kisha nyasi zikawa za njano kulizunguka Shimo la Ushindi, duara kubwa, na duara likawa linatanuka. Mbuzi wa Somoe walikunywa maji ya bwawa la tope wakalala pembeni, na hao kweli hawakuamka hata bei ilipotajwa. Watu wakaamka na vichwa vizito. Siku moja jirani aliyewasha jiko ndani alitoka akikimbia na nyusi zimeungua, na tangu hapo Somoe akawa anafungua milango na madirisha ya nyumba yake usiku na mchana, mbu waingie, wezi waingie, hewa ipite. Mwajabu alikuwa anaamka akikohoa. Somoe alikuwa anamtoa nje, anamweka upande upepo unakotoka, anarudi kupika.

Akaja wilayani. Wizara ilikuwa imeshatoa tamko, nami nikamsomea kwa sauti yangu ya kazi: gesi asilia kwa asili yake haina harufu, hivyo wananchi wanaolalamikia harufu wanashauriwa kuoga.

"Kaka Mfaume," akasema Somoe, "mimi sikuja kwa harufu. Nina mtoto mmoja. Lile shimo nataka lizibwe kabla halijanichukulia. Basi. Sina jingine."

"Dada Somoe, shimo haliwezi kuzibwa likiwa hai. Lete cheti cha kifo."

"Cha shimo?"

"Cha shimo. Sheria inasema shimo likifa. Nani kathibitisha?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, akaenda kumtafuta daktari.

Mganga Mkuu wetu wa Wilaya, Daktari Lukuwi, ni mtu makini ambaye hajawahi kumtangaza mtu kuwa amekufa bila kuuliza kwanza marehemu ni wa chama gani. Alikuja Chiumo na koti jeupe. Akatandika gazeti chini, akalala kifudifudi, akaweka mipira yake masikioni na kile kibati chake juu ya bomba. Kitongoji kizima kilisogea karibu. Shimo likafanya pssss, likatulia, likafanya pssss.

Daktari akainuka, akajipangusa magoti. "Linapumua," akasema. "Tena linapumua vizuri kuliko mimi."

"Daktari, hiyo ni gesi inavuja," Somoe akasema. "Hiyo pumzi ndiyo inayotuua."

"Mama, maiti hapumui. Nilikula kiapo. Siwezi kutoa kibali cha kuzika kiumbe chenye pumzi."

Yaani shimo likivuja, li hai. Likiwa hai, halizibwi. Lisipozibwa, litavuja. Niliitazama hoja ile kila upande nikakuta haina pa kuingiza hata kucha, nikapiga makofi. Somoe akanigeukia, nikaificha mikono nyuma.

*

Nchi yetu mtu anaweza kukwepa kodi, kukwepa kesi, hata kumkwepa mke, lakini msiba haukwepeki. Kiongozi asiyeonekana msibani hana maisha marefu kwenye siasa. Somoe alilijua hilo kama alivyolijua jiko lake.

Asubuhi moja alitandika jamvi mbele ya nyumba, akaketi akilielekea shimo, akajifunga kanga kichwani, akanyoosha miguu, akaanza kulia. Huku kwetu ukisikia kilio unakwenda kwanza, kuuliza baadaye. Majirani wakaja mbio, wakaketi, wakalia, na walipopumua wakauliza, "Nani?"

"Shimo," akasema Somoe.

Basi wangefanyaje? Ukishaketi kwenye jamvi la msiba huinuki hivi hivi. Isitoshe, kulia hakukuwa kazi ngumu. Huyu alikuwa na mbuzi wake wa kulilia, yule mume aliyeachishwa kazi na Kampuni, mwingine kisima. Wakalia vizuri tu. Wazee wakasoma dua, wakaomba marehemu azikwe haraka kama inavyopasa.

Sharti la Somoe lilikuwa moja. "Hapa hakuna kuni, hakuna kiberiti, hakuna sigara. Atakayetaka kupika avuke kijito." Wanaume walinung'unika kwamba matanga bila sufuria jikoni ni mkutano wa kawaida. Hata hivyo walitii, wakala mihogo baridi iliyochemshiwa ng'ambo ya kijito. Sijawahi kuona msiba wa chakula baridi ukijaa watu vile. Wakaanza kuja wa mbali, wa vitongoji vyenye mashimo yao yaliyopumzika, wamejaa kwenye malori. Kila mmoja akifika anasema, "Poleni, hata sisi kwetu lipo, limeoza na hakuna wa kulizika."

Mkuu wa Wilaya akaja kwa mazoea. Aliona majamvi, akavua kofia, akapeana mikono na wote, akasema Serikali iko pamoja na wafiwa katika kipindi hiki kigumu. Alipokuwa anavaa kofia akauliza nani amefariki. Alipojibiwa nilimwona akirudi mbio kwenye gari, kiatu kimoja kimemvuka. Lakini pole alishaitoa, na pole ya Serikali hairudishwi.

Simu ya Mheshimiwa Waziri ilinikuta nakunywa chai.

"Mfaume! Watu wanalilia kitu kizima! Huo ni uchuro! Na Mkuu wa Wilaya ametoa pole! Kama Serikali imetoa pole, basi Serikali imekubali kuna kifo, na kama kuna kifo, saruji iko wapi?"

"Tuwatawanye, Mheshimiwa?"

"Nani atamwinua mwanamke kwenye jamvi la msiba? Wewe?" Hakungoja jibu. "Sikiliza. Shimo lilichorongwa lini?"

"Mwezi kama huu, Mheshimiwa, miaka kadhaa iliyopita."

Nikasikia anacheka taratibu. "Andaa sikukuu ya kuzaliwa. Kinachofanyiwa sikukuu ya kuzaliwa hakiwezi kuwa kimekufa. Andaa na mshumaa."

*

Sherehe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Maturubai yalipangwa mbali kidogo, upande wa upepo mzuri, kwa heshima ya wageni. Idara ya Mazingira na Mapambo ilileta maua ya plastiki ikayachomeka kwenye lile duara la nyasi za njano, mahali pakapendeza. Palikuwa na matarumbeta. Palikuwa na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa na majani mdomoni.

Somoe alipigana kuhusu ndafu. Alisimama mbele ya wapishi, mikono kiunoni, akasema hakuna mkaa utakaowashwa upande huu akiwa hai. Wakaona aibu, wakahamishia mbuzi ng'ambo ya kijito. Aliporudi uso wake ulikuwa na nuru kidogo. Alidhani ameshinda, na mimi nilidhani hivyohivyo.

Kisha akaja afisa wa usalama na amri yake. Nyumba zote zilizo karibu na eneo la hafla zifungwe, milango na madirisha, kwa ulinzi wa mgeni rasmi na kwa mandhari. Watoto wasio na sare wakae ndani. Chiumo hakuna mtoto aliyekuwa na sare, shule ilifungwa Kampuni ilipoacha kumlipa mwalimu.

"Nyumba yangu haifungwi," akasema Somoe. "Hewa lazima ipite."

"Mama, mgeni rasmi aone vyandarua vyako?"

Akanijia mimi. "Kaka Mfaume, nisaidie. Mtoto akae na mimi, mapajani kwangu, hata hataonekana."

Nikatazama mpangilio wa viti. Somoe alikuwa safu ya pili, kati ya wananchi walioteuliwa kufurahi. Watoto hawakuwemo. Nikamwambia, dada, ni kitambo kidogo tu, hotuba, mshumaa, nyama, watu wanatawanyika. Afisa wa usalama alikuwa amesimama mlangoni na komeo mkononi.

Somoe alifunga madirisha mwenyewe, moja moja, kisha mlango. Nilimsikia Mwajabu akiuliza kutoka ndani, "Mama, nyama utaniletea?"

"Nitakuletea. Tulia hapo. Nakuja sasa hivi."

Mheshimiwa alizungumza. Kitambo changu kidogo kikarefuka mpaka jua likapanda utosini. Alizungumzia utulivu wa Shimo, uzalendo wa Shimo, subira ya Shimo katika kipindi hiki cha mdororo wa uchumi wa dunia. Alisema mataifa makubwa yanalia na sisi tunakata keki. Kisha akasema, "Na kwa kuwa mwenye sikukuu hupuliza mshumaa wake mwenyewe, na kwa kuwa Daktari amethibitisha kwamba mwenzetu huyu anapumua, leo Shimo la Ushindi litapuliza mshumaa wake mbele ya macho ya wanafiki!"

Askari akatokea na mwanzi mrefu, mshumaa umefungwa nchani, unawaka.

Somoe akaruka kwenye kiti. "Moto! Msilisogezee moto! Wallahi msiwashe! Mtoto wangu yuko ndani!" Matarumbeta yalikuwa yanapigwa. Wanausalama wawili walimshika mabega. Na mimi, kwa mujibu wa ratiba, hapo ndipo nilipotakiwa kuchangamsha umati, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwoneni mama Somoe, amezidiwa na furaha! Vigelegele jamani!"

Vigelegele vikapigwa. Mshumaa ukafika.

Shimo halikuupuliza. Moto uliinuka kwenda juu kuliko minazi, na joto likatusukuma nyuma na viti vyetu. Askari wa mwanzi hakufika hospitali. Na nikauona moto mwingine, mdogo, wa buluu, ukikimbia chini kwenye nyufa za ardhi kavu, hauna haraka sana, unaelekea kwenye nyumba iliyofungwa tangu asubuhi. Paa la bati liliruka lote kwa pamoja.

Nina maneno ya kila hafla. Ya hiyo sina. Somoe alishikwa na watu wengi, na walishindwa kumzuia.

Wageni wote walitoka salama. Viti vilipangwa vizuri.

*

Tume iliundwa. Ikagundua kwamba marehemu Mwajabu alifariki kutokana na kuwa ndani. Ikapendekeza siku zijazo wananchi wafungue madirisha. Mheshimiwa Sanjala akatumia fursa hiyo kuuliza, kwa moto ule unaoonekana mpaka wilaya ya pili, nani sasa atathubutu kusema shimo limekufa?

Liliwaka. Kuuzima kulihitaji wataalamu, na wataalamu walihitaji bei ipande. Masizi yalianguka kwenye paa, kwenye unga, kwenye maziwa ya watoto. Mikoko iliyosalia ilikauka imesimama. Ndege walichanganyikiwa kwa kukosa giza, wakaimba mpaka wakachoka, kisha wakahama. Wizara ikaweka kibao cha watalii.

Somoe alihamia ng'ambo ya kijito, kwa jirani aliyempa chumba. Mwajabu alizikwa huko, kwenye udongo wa kichanga, na kibao cha mti kichwani. Somoe hakurudi wilayani. Nikikutana naye njiani alinisalimia vizuri tu, na hilo lilinikosesha raha kuliko angenitukana.

Masika yakaja na kwenda, vuli ikaja na kwenda. Kisha bei ikaamka.

Hamkosi kuijua furaha ya Serikali. Kampuni ikarudi na kofia mpya. Ilipofika Chiumo moto ulikuwa umezimika wenyewe. Wakapima, wakatazamana. Gesi yote ilikuwa imeungua, hakuna iliyobaki ya kuuza. Safari hii Daktari Lukuwi hakulala kifudifudi. Alisaini cheti cha kifo akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma.

Kampuni ilisikitika sana, ikasema haiwezi kuchoronga shimo jipya pembeni ya lile la zamani likiwa wazi, wakopeshaji wake hawapendi kuliona kwenye picha. Basi ikatangazwa maombolezo ya kitaifa. Bendera nusu mlingoti. Kila kaya ikatakiwa kutoa kuku mmoja wa rambirambi kwa Kampuni iliyofiwa. Na saruji, ile tuliyoambiwa haipo nchi nzima, ikaja lori baada ya lori mpaka barabara ikatitia.

Kilio kilihitaji mwongozaji. "Yule mama aliyeanzisha matanga," akasema Mheshimiwa. "Alikuwa na maono yule. Mlete."

Nilimkuta Somoe anachambua mchele. "Dada Somoe, Mheshimiwa anaomba ukaongoze kilio."

"Shimo linazibwa?"

"Linazibwa leo. Saruji mpaka juu."

"Leo," akasema.

"Leo, dada."

Akaweka ungo chini, akajitanda kanga, tukaongozana.

Nilimpa kipaza sauti. Saruji ilikuwa imeshajaa, fundi anailainisha juu kwa mwiko. Somoe aliitazama muda mrefu, halafu ukatoka mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye vyombo vyangu.

"Mwajabu wee! Mwajabu mwanangu! Mlango niliufunga mimi! Kwa mkono huu, mwanangu! Nilikuambia tulia, nakuja! Uliniita? Uliniita nami nimeshikwa, matarumbeta yanapigwa, sikusikii? Wameileta saruji, Mwajabu! Wameileta leo!"

Wanawake wa Chiumo wakapokea. Jina la mtoto likazunguka uwanja mzima, watu wakalia mpaka wakashikana. Hata Mheshimiwa Waziri alitoa leso. Akainama sikioni kwangu.

"Mfaume, kumbe wananchi wamelipa shimo jina lao wenyewe. Mwajabu. Zuri, lina hisia. Mwambie fundi aliandike juu ya kaburi."

Nilijua Mwajabu ni nani. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. "Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema.

Fundi akachukua msumari, akaandika kwa herufi kubwa kwenye saruji mbichi: HAPA AMELALA MWAJABU. Somoe alikuwa anafuta uso. Alipoona, aliacha kulia palepale. Akapita katikati ya walinzi, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya saruji na kulifuta lile jina, herufi moja baada ya nyingine, mpaka pakawa laini. Hakuna askari aliyesogea. Kisha akaniangalia, mkono umejaa saruji.

"Kaka Mfaume, watangazie. Mtoto wangu hayumo humu."

Kipaza sauti kilikuwa kimerudi mkononi mwangu, kimewashwa. Umati wote ulikuwa unanisubiri. Nikamkaribisha mwakilishi wa Kampuni atoe neno la shukrani.